Pete moja, wavaaji wengi

Nimeombwa niandike somo la fasihi la toleo hili, na mhariri kanionya nisiwachoshe watu na nadharia. Sawa bwana. Nitaanzia barabarani.

Ukipita Alum Rock Road siku ya Jumamosi utakuta madirisha ya masonara yamejaa pete za dhahabu. Kijana mmoja ninayemfundisha Kiswahili hapa mtaani, mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa hapa hapa, alisimama mbele ya dirisha kama hilo akaniuliza: "Mwalimu, mbona Sam aliibeba ile pete na hakuharibika?" Nilibabaika. Jibu lake ndilo hili, limechelewa wiki tatu.

Sam ni wa kwenye The Lord of the Rings, hadithi ya J.R.R. Tolkien iliyotoka 1954 na 1955. Wengi wetu tunaijua kwa zile filamu za 2001 hadi 2003. Tolkien alizaliwa 1892 Bloemfontein, mji ulioko Afrika Kusini ya leo, akaletwa Uingereza na miaka mitatu (kwa hiyo tusimdai sana kuwa ni mwenzetu). Utoto wake ulipita Sarehole, kijiji ambacho sasa kimemezwa na Birmingham. Kinu cha pale bado kipo. Kutoka Alum Rock unakwenda mpaka Fox and Goose, unafuata njia ya basi namba 11 kupitia Yardley na Acocks Green, unashuka Hall Green. Nendeni mkaone, si mbali.

Sasa tuje kwenye pete yenyewe. Katika hadithi tulizokua nazo, kitu cha ajabu huwa ni mtumwa tu. Taa ya Aladini humtii yeyote anayeisugua. Pete ya Nabii Suleiman, katika visa vya wazee, iliibwa na jini, na jini akakalia kiti cha enzi vizuri tu mpaka pete ilipotupwa baharini ikamezwa na samaki. Pete haikuuliza wewe ni nani. Hadithi za namna hiyo swali lao ni moja: kimeshikwa na nani?

Pete ya Tolkien ni kitu kingine. Ina nia ya aliyeitengeneza, Sauron, na inataka kurudi kwake. Kila anayeibeba inamtafutia mlango wa kumwingilia, na mlango wa huyu sio wa yule.

Mtazame Gollum, ambaye zamani aliitwa Sméagol. Ndugu yake Déagol aliiokota mtoni, naye akaidai papo hapo kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Aliponyimwa akamnyonga. Akakaa nayo karibu miaka 500, shimoni, akila samaki wabichi. Bilbo aliipata kwa kupapasa gizani, akawa na nafasi ya kumuua Gollum na asimuue, kwa huruma. Alikaa nayo miaka 60 akaiacha mwenyewe, ingawa Gandalf ilibidi amsukume kidogo. Wengi husoma hivyo wakaridhika: aliyeanza kwa kuua aliharibika, aliyeanza kwa huruma alipona.

Lakini angalieni jambo moja ambalo filamu hazilikazii. Bilbo alipowasimulia wenzake jinsi alivyoipata pete, alidanganya. Alisema Gollum aliahidi kumpa zawadi. Na Gollum naye, maisha yake yote, alisema aliipata kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Watu wawili tofauti kabisa, mmoja muuaji na mmoja mpole, na uongo wao ni ule ule! Kitu cha kwanza pete ilichowafanyia ni kuwatafutia haki ya kuwa nayo.

Hapo ndipo utamwelewa Boromir, ambaye hakuivaa hata dakika moja. Alitaka kuulinda mji wake, nia safi kabisa. Gandalf na Galadriel waliikataa kwa sababu walijua wangeanza kwa wema. Sam naye ilimjaribu, ikamwonyesha jangwa la Mordor limekuwa bustani kwa amri yake. Akajua moyoni kuwa yeye bustani moja ya mikono yake inamtosha. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba aliibeba muda mfupi mno. Frodo aliibeba miaka 17, na kwenye ukingo wa moto akashindwa, akasema ni yake. Katika kikao chetu cha majuzi watu walimlaumu sana Frodo. Mimi simlaumu. Mzigo ulimzidi. Gollum ndiye aliyemng'ata kidole akaanguka na pete motoni, na Gollum alikuwa hai kwa sababu Bilbo, na baadaye Frodo, walimwonea huruma.

Nyumbani tunao mfano wa kinyume. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hayakuzuia risasi hata moja. Hata hivyo yaliwaunganisha watu wa kusini ambao hawajawahi kupigana upande mmoja. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile ya 1969, maji yale yanamfunga hata aliyeyatoa: mwisho anatakiwa atamke kuwa ni uongo, naye anakataa.

Nimwambie kijana na lingine. Mwaka fulani nilikuwa mhazini wa chama kimoja cha wanafunzi, kopo la michango likikaa chumbani kwangu. Mwanachama akaugua usiku, nikachukua pauni 20 za teksi ya hospitali. Nani angelaumu? Mara ya pili ilikuwa kadi ya simu, kumpigia mama. Hadi mwisho wa muhula zilifika 85. Mwenyekiti alipouliza nikamjibu kwamba wanachama walinikubalia. Hakuna aliyenikubalia. Nililipa kwa kazi za usiku ghalani, wiki nne, na kopo nikaomba apewe mwingine.

Nilipomsimulia, kijana hakucheka. Aliuliza kopo sasa anatunza nani, nikamwambia siku hizi ni watu wawili, mmoja ana kopo, mwingine ana ufunguo. Kisha akaniuliza habari za Tom Bombadil, aliyeivaa pete na asipotee machoni, na ambaye kwenye filamu hayumo kabisa. Huyo tumwache kwa toleo lijalo. Asiyeweza kusubiri asome kitabu cha kwanza, sura ya saba.