Kuandika Kiebrania Kwenye Kompyuta ya Saiba

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa theolojia wa Buruburu, Umoja au Kayole anayetegemea kompyuta ya saiba. Unahusu Windows 10 na Microsoft Word. Beba flashi moja. Humu, "kibodi" ni mpangilio wa herufi ndani ya kompyuta, si vitufe unavyovigusa. "Mwelekeo" ni upande ambako mstari unaanzia.

1. Omba ruhusa kwa mhudumu. Muulize pia kama mashine hujifuta ikizimwa. Ikiwa ndivyo, stima ikipotea utaanza upya, basi hifadhi kazi kwenye flashi tangu mwanzo.

2. Funga Word.

3. Ongeza kibodi. Bonyeza Windows na I, fungua "Time & Language", "Language", kisha "Add a language". Tafuta Hebrew, bonyeza "Next". Ondoa tiki kwenye chaguo la kuifanya lugha ya Windows nzima, ndipo ubonyeze "Install".

4. Fungua Word, kisha bonyeza Windows na kitufe cha nafasi. Hakiki: ENG iliyo kona ya chini kulia imebadilika.

5. Geuza mwelekeo kwa Ctrl na Shift ya kulia. Ctrl na R haifai hapa: husukuma maneno kulia tu, mwelekeo ukabaki uleule. Kwa macho huenda usione tofauti.

6. Jaribu. Bonyeza a, k, u, o kwa mfuatano huo. Utapata שלום, yaani shalom, ndugu wa salamu yetu. Sasa bonyeza kitufe cha mkwaju (/), ambacho kwenye kibodi hii hutoa nukta. Nukta ikae kushoto kwa ם. Ikikaa kulia kwa ש, rudia hatua ya 5. Kumbuka kwamba o hutoa ם ya mwisho wa neno. מ ya kawaida iko kwenye n, na Word haitakuchagulia.

7. Weka fonti. Teua maandishi, bonyeza Ctrl na D, na katika sehemu ya "Complex scripts" chagua Times New Roman, ukubwa 14. Ukubwa wa herufi za Kilatini huwekwa kando na haugusi Kiebrania. Usibonyeze "Set As Default"; mashine si yako.

8. Rudi kwenye Kiswahili: anza aya mpya, bonyeza Windows na nafasi, kisha Ctrl na Shift ya kushoto.

9. Hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi. Ifungue, kagua ile nukta, ndipo uchapishe. Karatasi iliyokosewa pia hulipiwa.

10. Ondoa kibodi. Rudi kwenye "Language", bonyeza Hebrew, kisha "Remove". Ukisahau, mama wa watu atakayeketi hapo kujaza iTax anaweza kubonyeza a ya PIN yake akaona ש. Fungua Notepad, bonyeza a. Ikitokea a, mwachie kiti.