Windows 10 imefika mwisho, nihame?

SWALI: Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Windows 10 yangu haisumbui. Kwa nini nimalize bando kuhamia 11?

JIBU: Hama. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imesitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na flashi za wateja zinaingia kwako kutwa nzima. Kutosumbua si kinga: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili duniani kote, ilhali dawa yake ilitoka Machi. Hoja ya bando ni ya kweli, maana faili la usakinishaji linazidi GB 5. Lipakue mara moja, liweke kwenye flashi, lihudumie kompyuta zote. Kwanza nakili kazi zako pembeni, kisha andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia uone kama kompyuta ina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaihitaji. Umeme usikatike katikati, tumia UPS.