Somo la Uvuvi: Kuchagua Mshipi Unaofaa Maji na Samaki

Katika eneo la Loitokitok, maji yenye samaki mara nyingi ndiyo hayo hayo yanayonyweshwa mifugo. Mshipi, yaani uzi wa kuvulia, ukikatika, kipande chenye ndoana hubaki mdomoni mwa samaki, kwenye majani au ukingoni ambako ng'ombe na mbuzi hupita. Kwa hiyo nguvu ya mshipi inamhusu mvuvi pamoja na mfugaji anayenywesha mifugo hapo. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua mshipi usiokatika ovyo na ambao samaki hatauogopa.

Nambari mbili kwenye pakiti

Pakiti ya mshipi huwa na nambari mbili. Ya kwanza ni unene, kwa milimita. Ya pili ni nguvu, yaani uzito ambao mshipi unaweza kuuhimili kabla ya kukatika. Nguvu huandikwa kwa kilo au kwa ratili, ambazo alama yake ni lb. Ratili moja ni karibu kilo 0.45, hivyo mshipi wa lb 10 unahimili takriban kilo 4.5.

Kwa mshipi wa kawaida wa nailoni, makadirio ni haya, ingawa hutofautiana kidogo kulingana na mtengenezaji:

- Milimita 0.20: kilo 3 hadi 4
- Milimita 0.25: kilo 4 hadi 5
- Milimita 0.30: kilo 6 hadi 7
- Milimita 0.40: kilo 10 hadi 12
- Milimita 0.50: kilo 15 hadi 18

Unene ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana mshipi wa milimita 0.40 una nguvu kuushinda kwa mbali ule wa 0.20, ingawa kwa macho tofauti yake ni ndogo.

Soma maji kwanza

Wengi huchagua mshipi kwa kufikiria ukubwa wa samaki tu. Huo ni nusu ya hesabu. Mishipi mingi hukatwa na mawe, visiki na majani ambayo samaki hukimbilia akishanasa. Chagua kwa kuangalia mahali pabaya zaidi katika maji unayovua.

Maji maangavu yasiyo na majani huruhusu mshipi mwembamba, kwa sababu samaki huuona mnene na kukwepa chambo. Ziwa Chala, lililo katika shimo la volkano mpakani mwa Kenya na Tanzania upande wa Taveta, ni mfano wa maji ya aina hii. Hapo, kwa samaki wadogo, milimita 0.20 hadi 0.25 inatosha.

Maji ya matope, kama ya silanga baada ya mvua, huficha mshipi. Hapo huna haja ya kuhangaikia wembamba. Tumia milimita 0.30 au zaidi.

Maji yenye matete na magugu yanadai mshipi wenye nguvu. Ziwa Jipe, karibu na Taveta, limezungukwa na matete mazito. Samaki wa nusu kilo akizama ndani ya matete, mkono wako unavuta samaki pamoja na majani. Mshipi wa kilo 4 unaomtosha samaki huyo mahali peupe utakatika. Tumia milimita 0.35 hadi 0.40.

Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, linaonyesha hali hizi zote kupitia samaki mmoja. Blakibasi aliletwa huko kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Yeye huwinda kwa macho na hupenda kujificha kando ya mafunjo na magugu. Kumvua mahali peupe penye maji maangavu, mshipi wa kilo 3 hadi 5 unafaa. Karibu na magugu, mshipi wa kilo 7 hadi 9 ndio salama, kwa maana akinasa hurudi mafichoni mara moja. Samaki ni yule yule, lakini mahali pamebadilisha mshipi.

Ngege na kambale

Ngege wa bwawani huvunwa mara nyingi akiwa na gramu 250 hadi 500. Mdomo wake ni mdogo. Mshipi wa milimita 0.20 hadi 0.25 na ndoana ndogo vinamtosha, mradi hakuna magugu.

Kambale ni tofauti. Anaweza kuzidi kilo 10 akikua katika maji ya asili, na mdomo wake una meno madogo mengi yanayoukwaruza mshipi kama tupa. Anza na milimita 0.40. Kila ukimaliza kumtoa kambale, pitisha vidole kwenye mshipi karibu na ndoana. Ukihisi mikwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya.

Anayevua kwa mkono bila ufito aongeze unene. Ufito hupinda na kupunguza mshtuko samaki anapovuta, lakini mkono haupindi, na mshipi mwembamba hukata vidole. Anayetumia rili arekebishe breki yake ianze kuachia mshipi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu iliyoandikwa.

Nailoni au wa kusokotwa?

Nailoni ya uzi mmoja ni ya bei nafuu na hunyumbuka, hivyo husamehe makosa ya anayejifunza. Jua huidhoofisha, kwa hiyo usiihifadhi nje.

Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ile ile na haunyumbuki. Unafaa kwenye magugu mazito. Hata hivyo huonekana kwa urahisi kwenye maji maangavu na huweza kukata mkono. Usiuvute kamwe kwa kuuzungusha kwenye vidole.

Fundo na jaribio la mtungi

Fundo la kawaida linaweza kupunguza nguvu ya mshipi kwa karibu nusu. Funga hivi: pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe mara 5 kwenye mshipi wenyewe, irudishe kupitia kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa maji, kisha kaza polepole. Kukaza fundo kavu huleta joto linaloharibu nailoni.

Kisha pima. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ikiwa mshipi umeandikwa kilo 6, tia lita 4 kwenye mtungi mdogo, funga mshipi kwenye mkono wa mtungi kwa fundo hilo, na uinue taratibu, uso ukiwa mbali. Ukikatika kwenye fundo, funga upya. Ukikatika katikati, mshipi umezeeka. Usiupeleke majini.

Usiache mshipi nyuma

Wafugaji wanakumbuka mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017, na jinsi ilivyokuwa ikipatikana matumboni mwa ng'ombe. Nailoni nayo haisagiki tumboni, na hukaa miaka mingi bila kuoza. Ndege wa majini hunaswa miguu na kufa. Kusanya kila kipande, kikate vipande vifupi na urudi nacho nyumbani.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza nyavu za uzi mmoja wa nailoni. Mshipi wa ndoana ni jambo jingine, lakini usiufume ukawa wavu. Usiingie mabwawa ya Amboseli kuvua, na usivue bwawa la mtu bila ruhusa yake. Jipe na Naivasha wana viboko, kwa hiyo usivue jioni ukingoni.

Jipime

Silanga ina maji ya matope, visiki upande mmoja, na kambale wa kilo 2. Mshipi upi? Ukijibu milimita 0.25 kwa sababu unahimili kilo 4, umehesabu samaki ukasahau visiki na meno. Jibu ni milimita 0.40, fundo lililopimwa kwa mtungi, na chambo kirushwe mbali na visiki.

Kwa mwongozo kuhusu leseni na maeneo yanayoruhusiwa, muone afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako kabla ya kwenda majini.