Hodi Bila Karibu: Utambulisho na Itikio Lake katika Darasa la Masafa

1.0 Utangulizi

Katika kozi zinazofundishwa kwa masafa, wanafunzi hukutana kwa maandishi kabla ya kuonana uso kwa uso, na pengine hawaonani kabisa. Kwa hiyo, katika juma la kwanza, kila mwanafunzi hutakiwa aandike utambulisho wake, kisha asome tambulisho za wenzake na kuziitikia. Walimu wengi hulichukulia zoezi hili kuwa ni la kuchangamshana tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hilo ni tukio kamili la lugha, lenye kanuni zake, na kwamba namna linavyotekelezwa huweza kuamua nani atathubutu kusema darasani na nani atanyamaza hadi mwisho wa muhula. Mifano iliyotumika katika sehemu ya 3.0 imetungwa na mwandishi.

2.0 Utambulisho kama nusu ya jozi

Schegloff na Sacks (1973) walieleza kuwa baadhi ya semi huja kwa jozi: usemi wa kwanza huudai wa pili. Kiswahili kina jozi za namna hii zilizo wazi kabisa, k.m. Hujambo/Sijambo, Shikamoo/Marahaba na Hodi/Karibu. Utambulisho unafanana zaidi na hodi. Anayepiga hodi hutangaza kuwapo kwake, lakini kuingia kwake kunategemea sauti ya aliye ndani. Kwa desturi hurudia mara tatu, kisha huondoka.

Hata sarufi inadokeza jambo hilo. Msemaji husema "ninaitwa", yaani kitenzi katika kauli ya kutendwa: jina ni langu, lakini wanaoita ni wengine. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, msikilizaji huweza kuitikia kwa "naam", "ehe" au kwa kutikisa kichwa tu. Maandishi hayana nyenzo hizo. Kwa hiyo kimya, ambacho ana kwa ana huweza kumaanisha usikivu, katika maandishi husomeka kama kukataliwa.

3.0 Itikio tupu na itikio lenye kiini

Tuchunguze utambulisho ufuatao na maitikio yake matatu:

(1) Ninaitwa Rehema. Ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Pangani. Nimerudi masomoni baada ya miaka 19, na sarufi inanitia hofu kidogo.

(2) a. Nimefurahi kukufahamu. Karibu sana.
b. Hata mimi ni mwalimu. Nimefundisha shule tatu na sasa ni mkuu wa taaluma.
c. Karibu, Dada Rehema. Hiyo miaka 19 uliyoitaja imenigusa, maana mimi nimekaa 11. Hapo uliposema sarufi inakutia hofu, ni kipi hasa: ngeli au uambishaji wa vitenzi?

Itikio (2a) si baya. Ni lugha ya kudumisha uhusiano, ambayo Malinowski (1923) aliizungumzia. Kasoro yake ni kwamba linaweza kupewa mtu yeyote bila kubadilishwa hata neno moja. Aliyeandika (1) hana hakika kama amesomwa. Itikio (2b) linaanza kwa kushirikiana, lakini linaishia kwa mwitikiaji mwenyewe: mgeni amepiga hodi, naye mwenyeji akapiga hodi yake.

Itikio (2c) linafanya mambo matatu: linapokea, linagusa jambo lililosemwa, na linafungua njia ya kuendelea. Ushahidi wake umo katika maumbo yenyewe: "hiyo", "uliyoitaja", "hapo" na "uliposema". Yote manne yana ile "-o" ambayo Ashton (1944) aliieleza kuwa ni ya urejezi. Kiashiria "hii" huelekeza kwenye kilicho karibu na msemaji. "Hiyo" huweza kurejelea kilichokwisha kutajwa. Hivyo lugha yetu ina kipimo chepesi: itikio lenye "-o" ya urejezi aghalabu limeandikwa na mtu aliyesoma.

4.0 Suala la heshima

Darasa la masafa huchanganya rika. Kumwamkia mwanafunzi mwenzako "shikamoo" ni adabu, lakini kwaweza kumtenga mtu mzima aliyetaka kuwa mwanafunzi kama wengine. Neno "ndugu" lina faida hapa, kwani halibagui jinsia wala umri. Vilevile, kuuliza "nyumbani ni wapi?" humwachia mwulizwa uhuru wa kujieleza kuliko kumwuliza kabila lake.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kusahihisha. Mwaka mmoja, mwanafunzi aliandika katika utambulisho wake "nimezariwa", kwa athari ya lugha yake ya kwanza. Utambulisho wake ulipata itikio moja tu: sahihisho la "r" kuwa "l". Sahihisho lilikuwa sawa kifonolojia. Hata hivyo, mwanafunzi huyo hakuandika tena neno kwa wenzake hadi mtihani. Msahihishaji alikuwa mwandishi wa makala hii. Hodi ilipigwa, nami nikamwambia mgeni kwamba ameigonga vibaya.

5.0 Hitimisho

Tumeona kuwa utambulisho haukamiliki kwa anayejitambulisha. Inapendekezwa kwamba mwalimu asidai idadi ya maitikio, kwani idadi huzaa (2a) nyingi. Adai machache yenye kiini, na ahakikishe kwamba hakuna utambulisho uliobaki bila kuitikiwa. Masahihisho yana siku yake.

Zoezi

1. Andika upya (2b) ili mazungumzo yamrudie Rehema.
2. Chukua maitikio matatu uliyowahi kuwaandikia wenzako. Pigia mstari kila "-o" ya urejezi. Pasipo na hata moja, eleza kama mwenzako angeweza kujua kwamba ulimsoma.