Kidonda Chenye Usaha kwa Kijerumani: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni muuguzi hapa Kisangani. Mchana nasafisha vidonda, jioni nasoma Kijerumani, kwa sababu muuguzi wa kigeni hasajiliwi Ujerumani bila kuijua lugha hiyo. Neno "eitrig", sifa ya kidonda chenye usaha, limenifunza mengi.

1. Anza na mzizi. "Eiter" ni usaha. Ongeza "-ig" upate sifa. Usaha wenyewe ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na vijidudu, pamoja na mabaki ya nyama iliyooza.

2. Tazama sifa imekaa wapi. Ikija baada ya kitenzi haibadiliki: "die Wunde ist eitrig". Ikitangulia nomino, mwisho wake hufuata jinsia ya nomino hiyo: "eine eitrige Wunde" ni kidonda, "ein eitriger Finger" ni kidole. Mswahili upatanisho kauzoea: kidonda chenye usaha, jeraha lenye usaha. Ila sisi tunapatanisha hata kwenye kitenzi: kidonda kina usaha, jeraha lina usaha.

3. Usichanganye "eitrig" na "septisch". Mgonjwa akiitwa "septisch", maambukizi yameshavuruga mwili mzima: homa kali au mwili wa baridi, moyo kwenda mbio, kuhema, kuchanganyikiwa. Huyo hangoji kesho.

4. Sifa moja haitoshi. Kwenye faili tunaandika kwa Kifaransa "plaie purulente", nami huongeza rangi ya usaha, harufu, wingi na upana wa kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo kidonda kikiwa mguuni naweka mgongo wa mkono kando yake na kulinganisha na mguu wa pili: joto na ugumu hueleza kile ambacho jicho halikioni.

5. Msikilize mgonjwa. Mama mmoja wa Mangobo, hapa mjini, aliniambia, "Munganga, kinanipwita usiku kucha." Bendeji yake ilikuwa kavu, lakini nilipobonyeza taratibu, usaha ulitoka chini ya gaga. Maneno yake yalitangulia macho yangu.

Ndugu msomaji, ukijikata au ukichomwa na mwiba wa samaki mtoni, osha jeraha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake udongo wala majivu. Ulizia chanjo ya pepopunda, na ukiona usaha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.