Je, TVS inastahili sifa zake?

*Nafanya kazi Zone Industrielle, Bujumbura. Nataka pikipiki ya mtumba. Kila ninayemuuliza anataja TVS. Ni ubora au fasheni tu?*

Wasiwasi wako una msingi, lakini kwenye pikipiki umaarufu wenyewe ni sehemu ya ubora. Injini ya TVS HLX hupozwa kwa hewa, fundi wa mtaani anaimudu, na chombo kinachoendeshwa na wengi hakikosi vipuri. Utasema Bajaj Boxer nayo ni hivyo hivyo. Kweli, ukipata iliyotunzwa vizuri zaidi, ichukue. Lakini kupendwa nako huvuta vipuri bandia, kwa hiyo ikague kwanza. Iwashe injini ikiwa baridi: moshi wa buluu maana yake inachoma oili, mwite fundi kabla ya kulipa. Namba ya chasisi isipolingana na kadi ya pikipiki, achana nayo. Halafu, Machi 2022 pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya mji; ulizia kwanza njia yako ya kazini.