Kabureta Iliyofungwa Upya na Taabu Zake

Wenye pikipiki wengi katika mji wa Eldoret wamekwisha kuliona jambo hili: kabureta hufunguliwa, husafishwa na kutiwa vipande vipya, kisha ikirudishwa mahali pake pikipiki huwa mbaya kuliko kwanza. Kwa mwendeshaji wa bodaboda hasara si malipo ya fundi peke yake, maana siku chombo kinapolala hapana abiria wala fedha ya unga. Basi yafaa ijulikane kwamba taabu iliyoanza baada ya kazi hiyo, chanzo chake mara nyingi ni kitu kilichoguswa. Si haki kuishtaki plagi kwanza.

Petroli ikichuruzika chini, ifungwe mara moja, wala mtu asiwashe sigara karibu. Ndani ya kikombe cha kabureta mna boya, nalo husukuma sindano fupi inayoziba njia ya petroli. Chembe moja ya mchanga yatosha kuizuia sindano hiyo isizibe. Boya nalo litikiswe karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka.

Injini ikivuma kwa nguvu hata mkono wa mafuta ukiwa umeachwa, kuna mambo mawili ya kutazama. Katika kabureta ambayo pistoni yake huvutwa kwa waya, pengine pistoni imetiwa kinyume. Upande wake uliokatwa hauna budi kuelekea kwenye chujio la hewa. Au gasketi iliyo kati ya kabureta na injini haikukaa vema, na hewa yapenya. Mwungano huo ukizungushiwa grisi na mvumo ukabadilika, hapo ndipo penye tundu.

Injini ikizimika kila inapoachwa ipumue polepole, jeti ndogo huenda imeziba. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba mno, na mafundi wengine hulichokoa kwa waya. Huo ni uharibifu, kwa sababu tundu likipanuka halirudi. Na lipulizwe kwa upepo wa pampu. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko hukazwa taratibu mpaka ifike mwisho, kisha hulegezwa mzunguko mmoja na nusu, na kutoka hapo injini husikilizwa.

Liko na jambo la nchi yenyewe. Eldoret uko karibu meta 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Jeti inayofaa pwani huku humwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo: moshi huwa mweusi, plagi hujaa masizi, na pikipiki hukosa nguvu mlimani. Apandaye kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, penye meta kama 2,400, huliona hilo katika safari moja. Kwa hiyo, kabla ya kutia jeti mpya, namba iliyochorwa juu yake ilinganishwe na ya zamani, na ile ya zamani isitupwe. Vipande vinavyouzwa pamoja katika pakiti havilingani sikuzote na pikipiki iliyopo.

Chujio la hewa likiwa safi na plagi bado nyeusi, kibanio cha sindano ndefu hupandishwa mfuo mmoja. Sindano hushuka, na petroli hupungua. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha pikipiki ijaribiwe barabarani na plagi itazamwe tena. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Ikiwa nyeupe, petroli imepungua mno, injini itachemka na pistoni yake yaweza kuungua. Hivyo pikipiki iliyorekebishwa Eldoret ikipelekwa kufanya kazi Mombasa, kibanio hicho kirudishwe kwanza.